Nani ajuaye kuliwasha gari moshi la babu?

Leo nataka tuzungumzie magari moshi ya zamani, yale yaliyokwenda kwa nguvu za mvuke, na watu wanaoyatunza bila kulipwa hata senti moja. Tafadhali usigeuze ukurasa ukidhani kwamba hayo ni mambo ya mafundi peke yao. Ngoja kwanza nikusimulie jinsi mwanangu wa miaka minane alivyoniumbua mbele za watu.

Wakati wa likizo nilimpeleka kijana huyo kwenye Makavazi ya Reli hapa jijini Nairobi, si mbali na stesheni kuu ya zamani. Makavazi hayo yalifunguliwa mnamo 1971, enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Ndani mna picha, taa na vyombo vya kazi vya tangu siku zile reli ilipofika Nairobi mnamo 1899. Lakini mtoto ni mtoto. Vya ndani alivipitia mbiombio, kisha akanivuta mkono hadi uani yaliko magari moshi yenyewe. Hapo akakutana na Mount Gelai, akanyamaza ghafla.

Kama hujawahi kuliona gari moshi hilo, msomaji wangu, basi jaribu kuwaza mabasi matatu makubwa yaliyopangwa moja nyuma ya jingine. Lina urefu wa karibu mita 32 na uzito wa takriban tani 250. Liliundwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya mjini Manchester, Uingereza, na ni mojawapo ya magari moshi 34 ya aina hiyo yaliyotengenezwa mnamo 1955 na 1956 kwa ajili ya reli yetu. Yalipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Hakuna gari moshi la mvuke lililoyashinda nguvu, popote duniani, kwenye reli ya upana wa mita moja kama hiyo yetu ya zamani. Yalikuwa yakivuta mizigo ya tani 1,200 kutoka Mombasa kwenye usawa wa bahari na kupanda nayo hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu.

Kijana alilizunguka mara mbili, akaligusa gurudumu, kisha akaniuliza, "Mama, ufunguo wake huwekwa wapi?"

Nilicheka. Nikamwambia halina ufunguo, si matatu hiyo.

"Sasa lilikuwa likiwashwaje?"

Nilifungua kinywa, nikakifunga. Nilijua kwamba kulikuwa na moto na kulikuwa na maji. Zaidi ya hapo sikujua lolote. Akina mama wawili waliokuwa karibu na watoto wao walinigeukia wakisubiri wasikie jibu, nami nikajifanya natafuta simu mkobani.

Huenda ukasema, kwani kuna aibu gani? Si kila mtu ni mhandisi. Kweli kabisa. Ila mimi, msomaji, ni mjukuu wa fayaman. Babu yangu mzaa mama alifanya kazi ndani ya magari moshi ya aina hiyo hiyo kwa miaka mingi. Alilea watoto wake katika nyumba za reli za Muthurwa kwa mshahara uliotoka katika tanuri lile. Nakumbuka koti lake la khaki lililonuka mafuta hata baada ya kufuliwa. Nakumbuka alivyokuwa akisikiliza birika likichemka jikoni, akatuambia limebakisha muda gani, bila hata kuinua macho. Na nakumbuka kwamba kila alipoanza hadithi zake za reli, sisi wajukuu tulikuwa tukikimbilia televisheni. Alifariki nikiwa kidato cha pili. Sikumuuliza hata swali moja.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Siku hiyo nilitambua kwamba mjukuu mwenyewe ni mimi.

Reli iliyoshikwa na nyasi

Usiku huo, kijana alipokuwa akitazama katuni za Thomas, lile gari moshi dogo la buluu lenye uso wa mtu, mimi nilikaa nikisoma. Sijui kama ulikuwa na habari, lakini Thomas alitungwa na kasisi mmoja wa Kiingereza aliyeitwa Wilbert Awdry, na kitabu cha kwanza chenye jina la Thomas kilitoka mnamo 1946. Jambo nililolifahamu usiku huo ni kwamba miaka michache baadaye kasisi huyo alijiunga na kundi la watu waliojitolea kuokoa reli moja kuukuu huko Wales. Kisa cha reli hiyo ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Reli yenyewe huitwa Talyllyn. Ni reli nyembamba, upana wake haufiki hata sentimita 70, na urefu wake ni kama kilomita 12 tu. Huanzia mji mdogo wa Tywyn kando ya bahari na kupanda bonde hadi milimani. Ilijengwa miaka ya 1860 ili kuteremsha mawe bapa ya kuezekea nyumba kutoka machimboni. Ilikuwa na magari moshi mawili tu: Talyllyn lililoundwa mnamo 1864 na Dolgoch lililofuata mnamo 1866.

Mmiliki wake wa mwisho alikuwa Sir Henry Haydn Jones, aliyewahi kuwa mbunge wa eneo hilo. Machimbo yalifungwa mnamo 1946, na mtu yeyote mwenye kupiga hesabu angeifunga reli siku hiyo hiyo. Mzee huyo alikataa. Aliahidi kwamba maadamu yu hai, treni itaendelea kwenda. Na ilikwenda, ingawa jinsi ilivyokwenda ni muujiza. Mataruma yalikuwa yameoza hata ukaweza kuyavunja kwa mkono, na sehemu nyingi kilichozuia reli zisiachane kilikuwa ni nyasi zilizoota na kukumbatiana juu yake. Usicheke, msomaji. Nyasi ndizo zilizokuwa zikifanya kazi ya misumari.

Mzee alifariki mnamo Julai 1950. Miezi mitatu baadaye treni ya mwisho ya msimu ikaingia stesheni, na kila mtu akajua kilichobaki ni kung'oa reli na kuziuza kama vyuma vikuukuu.

Lakini kuna mtu aliyekuwa amekwisha kuanza kupiga mbiu. Aliitwa Tom Rolt, mwandishi ambaye pia alikuwa amesomea uhandisi. Aliandika katika gazeti akiuliza kwa nini watu wa kawaida wasijitolee kuiendesha reli hiyo wenyewe. Mnamo Oktoba 11, 1950, mkutano ukaitishwa katika hoteli moja mjini Birmingham. Waliofika walikuwa watu wa kazi mbalimbali, wenye mapenzi ya reli na mifuko isiyo na mengi. Walikubaliana kuunda chama. Hadi siku hiyo, hakuna mahali popote duniani ambapo watu wa kujitolea walikuwa wamewahi kuokoa reli na kuiendesha. Wataalamu wengi waliona ni mchezo wa watoto.

Mei 1951 wakaanza. Gari moshi Talyllyn lilikuwa bovu kabisa. Dolgoch peke yake, likiwa na umri wa miaka 85, ndilo lililovuta abiria msimu wote huo. Hebu fikiri: bibi wa miaka 85 anabebeshwa mzigo wa ukoo mzima, nanyi mmesimama kando mkiomba asianguke.

Bahati nayo haikuwatupa mkono. Reli jirani ya Corris, yenye upana ule ule usio wa kawaida, ilikuwa imefungwa mnamo 1948 na magari moshi yake mawili yalikuwa yamesimama tu yakisubiri mnunuzi. Chama kikayanunua kwa pauni 25 kila moja. Hata hivyo, moja kati ya hayo lilipowekwa kwenye reli ile iliyochoka, magurudumu yake yalianguka katikati kwa sababu reli zilikuwa zimeachana. Ikawalazimu wale makarani na walimu kushika sururu na beleshi kila mwisho wa juma, wakiing'oa reli kuukuu na kuilaza upya, hatua kwa hatua. Haba na haba hujaza kibaba.

Mnamo 1952 kasisi Awdry naye akaja kujitolea, akapewa kazi ya gadi wa treni. Siku moja alipuliza kipenga na kupunga bendera ya kijani, treni ikaondoka, kumbe mama aliyekuwa akiuza vinywaji ameachwa stesheni! Kosa hilo baadaye alilitia katika vitabu vyake vya watoto. Leo ukienda Tywyn utakuta makavazi ya reli nyembamba kando ya stesheni, na humo chumba alichokuwa akiandikia kasisi huyo kimepangwa upya kama kilivyokuwa.

Na yale magari moshi mawili? Talyllyn lilitengenezwa likarudi kazini mnamo 1958. Yote mawili yalitimiza miaka 150 yangali yakivuta abiria. Mnamo 2021, reli hiyo iliyoshikwa na nyasi ilijumuishwa na shirika la UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, pamoja na maeneo ya machimbo ya mawe ya kaskazini-magharibi mwa Wales.

Barua ya wanafunzi wanne

Wewe mwanafunzi unayesoma haya na kusema kwamba hao walikuwa watu wazima wenye mishahara, nina kisa chako pia.

Mnamo 1961, shirika la reli la Uingereza lilikuwa likiyaondoa magari moshi ya mvuke kwa haraka ili kutumia ya dizeli na umeme. Wavulana wanne waliokuwa shuleni hawakupenda walichokiona. Hawakuwa na fedha wala mjomba serikalini. Waliandika barua kwa jarida moja la mambo ya reli, wakaomba wasomaji wawasaidie kununua gari moshi moja dogo kabla halijakatwakatwa. Kutokana na barua hiyo kikazaliwa chama kiitwacho Great Western Society. Mnamo 1964 walilinunua gari moshi nambari 1466 kwa pauni 750. Mnamo 1967 wakahamia katika karakana ya zamani ya magari moshi mjini Didcot, na hadi leo pale ni makavazi makubwa ya reli yanayotegemea watu wa kujitolea.

Hawakuishia kutunza tu. Kulikuwa na aina moja ya gari moshi ambayo yote yalikuwa yamekwisha kuvunjwa, halikusalia hata moja. Watu wa Didcot wakachukua gari moshi la aina nyingine lililokaribiana nalo, wakatafuta vipuri, wakachonga visivyopatikana, na mnamo 2019 wakalizindua gari moshi walilolipa jina la Lady of Legend. Kazi hiyo iliwachukua zaidi ya miaka 40. Baadhi ya walioianza wakiwa vijana waliimaliza wakiwa na mvi.

Kazi si picha

Labda umekwisha kuwaona watu wa aina hiyo kwenye televisheni, wamevaa kofia na kutabasamu dirishani mwa gari moshi. Usidanganyike. Picha ni dakika moja, kazi ni mwaka mzima.

Gari moshi la mvuke haliwashwi kama gari la kawaida. Fundi hufika alfajiri, abiria wangali wamelala. Hutazama kwanza kioo kidogo kinachoonyesha kiasi cha maji ndani ya boila. Kisha hukagua tanuri, huondoa majivu ya jana, na hapo ndipo huwasha moto mdogo kwa kuni na matambara yenye mafuta. Moto huongezwa polepole, kwa saa nyingi. Ukiharakisha, upande mmoja wa chuma hupata joto na kutanuka kabla ya mwingine, na chuma kinachovutana hivyo hupasuka. Wakati moto ukikua, kuna viungo chungu nzima vya kutia mafuta kimoja kimoja kwa kopo la mdomo mrefu, nati za kukazwa na mavumbi ya kupanguswa.

Hatari kubwa ni maji kupungua. Sehemu ya juu ya tanuri hufunikwa na maji daima, na maji hayo ndiyo yanayoikinga. Yakishuka chini ya hapo, chuma hulegea kwa joto na boila inaweza kulipuka kama bomu. Ndiyo maana mafundi wa zamani walitoboa tundu juu ya tanuri na kuliziba kwa kizibo chenye risasi. Maji yakipungua mno, risasi huyeyuka na mvuke humiminika juu ya moto kumwonya fayaman. Ni maarifa madogo yaliyookoa maisha ya watu wengi.

Nchini Uingereza, kwa kawaida boila hushushwa na kukaguliwa kabisa kila baada ya miaka kumi. Ukaguzi huo unaweza kuchukua miaka kadhaa na fedha nyingi, na ndiyo sababu mara nyingi utakuta magari moshi matatu yamefunguliwa vipande karakanani na moja tu ndilo linalofanya kazi. Anayejiunga akiwa kijana hakabidhiwi usukani, tena usukani wenyewe haupo. Hupewa tambara afute masizi. Baada ya hapo husomea ufayaman, akatahiniwa, na udereva humjia baada ya miaka mingi. Kuna waliokufa wakiwa wafuta masizi na hawakulalamika.

Hapa kuna jambo ambalo ningependa ulitafakari. Katika magari moshi kama Talyllyn na Dolgoch, boila imekwisha kubadilishwa na vipuri vingi vimeingia na kutoka. Waliojitolea mnamo 1951 nao wengi wamekwenda mbele ya haki. Chuma kimebadilika, mikono imebadilika. Ni kitu gani basi kilichosalia tangu karne ile?

Ni maarifa. Wale makarani na walimu walipofika Tywyn hawakujua kitu. Waliwakuta wafanyakazi wachache wa zamani wa reli hiyo, watu wa kijijini, wakasimama nyuma yao na kutazama. Hao waliwafundisha wengine, nao wakawafundisha wengine. Mnyororo haukukatika. Gari moshi halikudumu kwa kuwekwa mahali pakavu na kuangaliwa. Limedumu kwa kuwa kila kizazi kulikuwa na mtu aliyejua kuliwasha, na kando yake kijana aliyeuliza, "Hii ni ya nini?"

Na sisi je?

Sasa turudi nyumbani, msomaji. Sitaki useme kwamba hayo ni ya Wazungu wenye muda na fedha. Mount Gelai lenyewe liliwahi kufufuliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuvuta mabehewa ya safari maalumu, moshi juu na king'ora kikilia. Liliwezekana hapa hapa kwetu.

Lakini hebu tupige hesabu. Magari moshi ya aina hiyo yaliacha kazi za kila siku kufikia 1980. Fayaman aliyekuwa na miaka 25 wakati huo, leo amepita 70. Aliyekuwa dereva mwenye uzoefu, leo ni mzee kabisa, kama angali hai. Wazee hao hawakuandika vitabu. Elimu yao imo mikononi na masikioni. Wako Muthurwa, wako Makongeni, wako Changamwe, wako Nakuru na Kisumu, na wengine wamerudi mashambani kwao wakichunga mbuzi. Chuma cha Gelai kinaweza kusubiri miaka mingine 50. Wao hawawezi.

Baada ya siku ile ya kuumbuka, nilimpigia mama simu na kumuuliza kama yuko rafiki yeyote wa babu aliyebaki. Akafikiri, akanitajia mmoja, anayeishi na bintiye huku Eastlands. Jumamosi iliyofuata nilinunua sukari na majani ya chai, nikamshika mwanangu mkono, tukaenda.

Mzee macho yake yameingiwa na ukungu, lakini akili yake ni wembe. Nilipomwambia mimi ni mjukuu wa nani, alinishika mkono akakaa nao kwa muda bila kusema neno. Kisha akamgeukia mtoto, akamuuliza ana swali gani. Mtoto hakuchelewa.

"Babu, lilikuwa likiwashwaje?"

Mzee alimwagiza binti yake alete sufuria na kifuniko. Akamwonyesha kijana jinsi mvuke unavyoinua kifuniko, akamwambia kwamba pistoni ni kifuniko kilichofungiwa njia, kikikosa pa kutokea kinasukuma gurudumu. Akaeleza kuwa magari yao hayakuchoma makaa ya mawe bali mafuta mazito, na kwamba fayaman hodari alijulikana kwa moshi wake. Moshi mweusi ulikuwa aibu, maana mafuta yanateketea bure na dereva atakufokea hadi Voi. Moshi mwepesi, karibu usionekane, ndio uliokuwa wa fundi. Akaeleza jinsi walivyokuwa wakitupia mchanga ndani ya tanuri, ukanyonywa na kupita ndani ya mirija ukisugua masizi, na jinsi wingu jeusi lilivyokuwa likitoka juu kama kwamba shetani amepunga nguo.

"Lakini kwanza maji, mjukuu wangu," akasema. "Kabla ya kiberiti, tazama maji. Moto bila maji ni msiba."

Mwanangu aliandika hayo katika daftari lake la hesabu, kwa mwandiko wake mkubwa uliopinda. Zilijaa kurasa tatu. Njiani, ndani ya matatu, alinisomea yote tena kwa sauti, na abiria aliyekuwa kando yetu akageuka akasema kwamba baba yake naye alikuwa mtu wa reli, stesheni ya Nakuru, na kwamba hajawahi kumuuliza.

Nilimwambia amuulize leo leo.

Ndilo ombi langu kwako pia, msomaji. Wavulana wanne walianza na barua. Watu wa Tywyn walianza na mkutano wa jioni moja. Wewe unaweza kuanza na daftari la shilingi chache na mzee mmoja. Kama unasomea ufundi chuoni, muulize mwalimu wako kama darasa lenu linaweza kwenda makavazini na kutazama kwa macho ya fundi. Kama una mtoto, mpeleke, na umruhusu aulize maswali yatakayokuumbua. Kama una babu aliyefanya kazi ya reli, bandari, mashine ya kuchapisha magazeti au kiwanda kilichofungwa, mzime televisheni aanze hadithi zake, nawe usikimbie.

Wiki ijayo tunarudi kwa yule mzee. Kijana ana maswali mapya kumi na moja, ameyapanga kwa nambari. Mimi nina moja tu: nataka kujua kama babu yangu alikuwa fayaman wa moshi mweusi au wa moshi mwepesi.